Safari Fupi ya Ulaya: Muda, Mizigo ya Watu na Swala ya Msafiri

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Swahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu Uholanzi, Ujerumani, Denmark au Uingereza, na ikifika likizo huenda kuwatembelea kwa wiki moja au siku kumi. Wengi hupitia Dar es Salaam. Hushuka boti, hulala kwa jamaa Tabata, Kimanga au Segerea, kisha hushika Barabara ya Mandela mpaka Tazara na kwenda uwanja wa ndege. Hapo Tabata ndipo mabegi yanapojaa. Shangazi analeta kifurushi cha mwanawe, jirani analeta chake, na mtu asiyejulikana vizuri anatumwa na mtu anayejulikana.

Tunalotaka kulieleza ni hili: katika safari fupi, mzigo na muda ni hesabu moja. Kila kilo ya ziada hulipiwa kwa saa zako, kwa nguvu zako, na wakati mwingine kwa swala yako. Na ukibeba cha mwenzio, umebeba pia amana yake na jukumu lake mbele ya sheria. Kwa hiyo tengeneza kwanza begi, kisha ndiyo upange ratiba.

Chagua mji mmoja

Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) ametufundisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba safari ni taabu inayomkosesha mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, na kwamba msafiri akishamaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Basi jiulize mwanzo kabisa: haja yako ni nini? Kama ni kumuona dada aliyejifungua, safari hiyo haihitaji miji minne.

Kuhama mji mmoja hadi mwingine hula karibu nusu siku hata kama treni ni ya haraka. Kuna kufunga mizigo, kwenda stesheni, kusubiri, kusafiri, kisha kutafuta mlango wa unakofikia. Kutoka Amsterdam hadi Paris kwa treni ya kasi ni saa tatu na dakika kadhaa, lakini hizo ni saa za kwenye kiti tu. Hoteli nyingi hukutaka utoke kabla ya mchana na hukupokea kuanzia alasiri, kwa hiyo katikati utakuwa barabarani na masanduku yako. Stesheni kubwa zina makabati ya kulipia ya kuhifadhia mizigo, ila sanduku kubwa sana huenda lisiingie, na siku za watu wengi hujaa mapema.

Bandarini kwetu kuna hamali wa kukubebea mzigo. Stesheni za Ulaya usimtarajie. Sanduku ulilolijaza Tabata utalipandisha ngazi mwenyewe, huku umemshika mtoto mkono. Kanuni nyepesi ni hii: kila mtu mzima asiwe na zaidi ya begi moja analoweza kulinyanyua peke yake. Mashirika mengi ya ndege hupima begi la kilo 23, na zinazoruka ndani ya Ulaya kwa bei ndogo hutoza begi kando na tiketi. Soma tiketi zako zote, kwa sababu kipimo cha ndege ya kwanza si lazima kiwe cha ndege ya pili.

Viza na mpakani

Viza ya Schengen huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisichelewe chini ya siku 15. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka asiyetimiza 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Bima ya safari inatakiwa iwe ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Mtoto anahitaji ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Uingereza haimo katika Schengen, ina viza yake na sheria zake.

Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kuchukua picha na alama za vidole mpakani badala ya kugonga muhuri. Ukaguzi huo hufanywa katika uwanja wa kwanza wa Schengen unaoingia. Kama unabadilisha ndege hapo, acha saa za kutosha. Foleni haijui kwamba ndege yako inaondoka.

Viza ni ahadi. Umesema unakwenda kutembea na utarudi, na kikomo ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba, na haikubagua mkataba na Muislamu au asiye Muislamu.

Yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa

Hapa wengi wetu huumia, kwa kuwa zawadi zetu ni za kula. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa na vitokanavyo navyo. Sambusa za nyama, mishkaki na samli ya kopo vitaishia katika pipa la forodhani. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yanaruhusiwa mpaka kilo 2, yakiwa ya kiwandani, hayajafunguliwa na hayahitaji friji.

Samaki ana nafasi. Samaki mkavu, wa kuvutwa moshi au aliyepikwa anaruhusiwa mpaka kilo 20 kwa matumizi yako, kwa hiyo ng'onda anaweza kufika. Katika matunda, nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani hayahitaji cheti cha afya ya mimea. Embe, machungwa na mapera yanakihitaji. Asali inaruhusiwa mpaka kilo 2. Viungo vikavu nunua vilivyofungwa dukani, na risiti uiweke.

Usibebe kitu cha gamba la kasa, pembe ya ndovu wala matumbawe. Na mirungi imepigwa marufuku kwetu, Uholanzi tangu 2013 na Uingereza tangu 2014. Fedha taslimu zikifika euro 10,000 ni lazima uzitangaze forodhani. Dawa zako za hospitali ziwe katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari, na zikae katika mkoba wa mkononi.

Kifurushi cha mtu ni amana

Allah (Subhanahu wa Taala) ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, kuzifikisha amana kwa wenyewe. Kwa sababu ya uzito wa amri hiyo, wanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, akiwemo Imam Nawawi, wamepambanua hali za mwenye kuombwa kupokea amana. Asiyeweza kuihifadhi, ni haramu kwake kuipokea. Anayeweza lakini hajiamini, ni makruhu. Anayeweza na anajiamini, ni sunna kwake kupokea, kwani ni katika kusaidiana.

Tazama hukumu hii inavyomgusa msafiri. Mtu ambaye begi lake limeshafika kilo 23, ana watoto wawili na anabadilisha ndege mara mbili, je, anaweza kuihifadhi halua ya jirani? Akijua hawezi, kukataa kwake si uchoyo wala kukata udugu. Ni kuitii hukumu. Na atakayekubali, basi ashike haya manne:

1. Kifurushi kifunguliwe mbele yako na mwenyewe, mkione kitu kimoja kimoja, kisha ukifunge wewe. Kilichoshonwa au kubandikwa gundi na hakifunguliwi, usikichukue hata kama kimeletwa na mjomba.
2. Mpokeaji umjue kwa jina na simu, na uzungumze naye kabla hujaondoka.
3. Mkubaliane mapema nani atalipa uzito ukizidi, na nini kifanyike forodha wakikizuia.
4. Mtu usiyemjua, au aliyeletwa na mtu mwingine tu, mwambie hapana.

Hili la nne halina huruma ndani yake, na halitakiwi kuwa nayo. Kaunta ya ndege utaulizwa kama begi umelifunga mwenyewe. Ukisema ndiyo na si kweli, umesema uongo na umejitwisha kila kilichomo. Zikipatikana dawa za kulevya, wewe ndiye utakayekamatwa nazo, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 ina adhabu zinazofika kifungo cha maisha. Neno “nilipewa tu” huenda lisikutoe.

Namna ya kukataa iwe njema. Mwambie mkubwa wako: “Shangazi, shikamoo, nisamehe sana. Begi limejaa na nachelea kuipoteza amana yako. Nipe salamu, nitazifikisha.” Na kama ni ada na vitambaa, mtumaji anaweza kutuma fedha jamaa akanunua huko huko.

Amana ikipotea bila ya uzembe wako, hulipi. Ukiiacha ovyo stesheni ukaenda kupiga picha, hilo ni jambo jingine, utailipa.

Swala: kuanzia Tabata

Ruhusa ya kupunguza swala imetajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 101. Katika madhehebu ya Shafi, safari huanza mtu anapoyaacha majengo ya mji wake. Aliyetoka Unguja au Pemba kwa nia ya Ulaya ni msafiri tangu alipouacha mji wake, na akipita Tabata kwa siku mbili tatu anaendelea kupunguza na kujumuisha. Lakini akinuia kukaa Tabata siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ataswali kamili akiwa hapo. Na akiswali nyuma ya imamu mkaazi, katika msikiti wowote wa mtaa, atakamilisha rakaa nne pamoja naye.

Mwenyeji wa Tabata hukumu yake ni tofauti. Uwanja wa Julius Nyerere uko ndani ya jiji, kwa hiyo akiwa pale bado hajawa msafiri. Ataswali Adhuhuri na Alasiri kamili, kila moja kwa wakati wake. Ndege ikiruka kabla ya Magharibi, anaweza kunuia, wakati wa Magharibi ukiwa umeingia, kuichelewesha aiswali pamoja na Isha atakapotua, maadamu atatua kabla ya alfajiri. Magharibi hubaki tatu. Isha ndiyo huwa mbili.

Ukifika Ulaya, hesabu ni ile ile. Ukiwa na siku nne kamili au zaidi katika mji mmoja, swali kamili. Kwenda Den Haag na kurudi kutoka Rotterdam ni masafa mafupi, hakukurudishii ruhusa. Wala si hasara: mwenye nyumba ya ndugu, bafu na mswala ameshapata wepesi ambao msafiri wa miji minne anautafuta.

Zingatia pia majira. Mwezi wa Desemba jua la Amsterdam huzama karibu saa 10 na nusu jioni, na Alasiri huingia mapema mno kwa aliyezoea saa zetu. Mwezi wa Juni huzama baada ya saa 4 usiku. Tafuta ratiba ya msikiti wa mji unaokwenda kabla hujaondoka.

Wepesi mwingine ni khuffu, yaani viatu laini vya ngozi vinavyofunika vifundo vya miguu. Msafiri akizivaa akiwa na udhu kamili, anaruhusiwa kupangusa juu yake siku tatu na usiku wake. Mkaazi, siku moja na usiku wake. Zitakuondolea kunyanyua mguu kwenye beseni la stesheni huku umelinda mabegi. Ukivuliwa katika ukaguzi wa uwanjani na udhu wako upo, osha miguu tu kisha uzivae tena.

Usiku wa mwisho Tabata, pima begi kwenye mizani, ulinyanyue mwenyewe na utembee nalo mpaka barabarani na kurudi. Likikushinda hapo, litakushinda Paris. Toa kitu.

Tunamuomba Allah awasahilishie wasafiri wetu, azihifadhi familia walizoziacha, na awarudishe salama.

Wallahu a'lam.