Ihsani katika Hadithi ya Nduguze Adili

Katika hadithi ambazo mzazi au mwalimu wa Mkolani, kando ya njia kuu iendayo Shinyanga, aweza kuwasomea watoto wake jioni, sioni iliyo bora kwa habari ya moyo wenye choyo kuongoka kuliko Adili na Nduguze, kitabu cha marehemu Shaaban Robert wa Tanga kilichopigwa chapa mwaka 1952. Hasidi na Mwivu, ambao urithi wao ulipotea wakainuliwa tena kwa mali ya ndugu yao Adili, walimlipa ihsani hiyo kwa kumtosa baharini. Jini Huria, aliyekuwa ameokolewa zamani na Adili, akamnusuru, akawageuza wale wawili manyani, kisha akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Kisa hiki kina nasaba na kile cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, kilichomo katika Alfu Lela Ulela. Huko ndugu hugeuzwa mbwa, na wakiisha kurudishiwa umbo la binadamu hurejea khiyana yao ile ile, wakauawa. Shaaban Robert hakuufuata mwisho huo. Nduguze Adili walitubu, wakasamehewa, wakawa watu tena. Na kwa uamuzi huo, ambao nauhesabu kuwa johari ya kitabu kizima, mtungaji alikataa kusadiki kwamba husuda ni maradhi yasiyo dawa.

Wasomaji wengi hukumbuka mjeledi. Lakini Adili alipokwisha kuitii amri aliwapapasa manyani wake, akalia, akawalisha kwa taadhima kama wageni wake. Kipigo kilikuwa hukumu ya jini, ilhali machozi na chakula vilikuwa vyake mwenyewe. Laiti tungalisoma ukurasa huo polepole! Wasukuma wa zamani walikuwa na shikome, moto wa jioni ambao wazee waliuzunguka pamoja na vijana wakiwafunza mambo ya dunia, wala hadithi haikuharakishwa pale, kwa kuwa usiku ulikuwa mrefu na msikilizaji alikuwa na ruhusa ya kuuliza. Darasa lenye watoto wengi na kengele ya karibu halina nafasi hiyo, ndiyo maana naiomba nyumba iichukue kazi hii: mzazi akifika mahali Adili anapowaandalia nduguze chakula, akifunge kitabu kidogo, awaulize wanawe ni kitu gani kilichomlainisha Hasidi, fimbo au kile chakula, naye asitangulie kujibu.