Nyumba za wazee: mifuko ya mchele haitoshi

Kila tarehe 1 mwezi wa kumi, siku ya wazee ulimwenguni, magari yanasimama mbele ya nyumba za wazee katika miji yetu. Watu wanashusha mifuko ya mchele, sabuni, mafuta na maboksi ya maziwa. Wanaimba, wanapiga picha, wanarudi kwao. Sisi pia tulikuwa tunafuata nyuma yao, na kesho yake tunaandika kwamba wazee walifurahi sana. Safari hii tulichagua kwenda siku ya kazi tu, saa kumi na mbili ya asubuhi, bila kutangaza, katika nyumba moja ya Lubumbashi. Hatutaji jina lake. Wanaofanya kazi pale wanajikaza, na mara nyingine mshahara wao hauonekani.

Saloni ilikuwa safi kabisa: viti vya plastiki, maua mezani, sementi imepigwa maji. Wageni wengi wanaishia hapo. Tuliomba kuona vyumba.

Katika chumba cha pili tulikuta mzee mmoja amelala chali. Zamani alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, mmoja wa wale zaidi ya 10 000 walioondoka kuanzia mwaka 2003 katika kile watu walichoita « départ volontaire », ambako mtu alipewa malipo ya mara moja na kazi ikaisha. Kopo lake la maji lilikuwa limejaa, lakini liliwekwa kwenye dirisha, mbali na mkono wake. Tulidhani wamesahau. Hapana.

« Ni mimi niliomba baweke kule. Nikikunywa mingi, nitakojoa. Na usiku hakuna mutu wa kuniinua. Njo maana ninaachaka maji. »

Mtu wa umri ule, kiu yake yenyewe imepungua. Mwili unaweza kukauka bila yeye kusikia. Tena anajizuia kwa kusudi, ili asiamke kwenye shuka yenye maji.

Dada aliyekuwa pamoja nasi akamwomba ruhusa, akainua blanketi. Kwenye kisigino cha kushoto kulikuwa kidonda, upana wake kama kifuniko cha chupa ya bia, pembeni mweusi. Kidonda cha namna hiyo hakitokani na uchafu peke yake. Mtu asiyeweza kujigeuza, mfupa wake unakandamiza ngozi juu ya godoro, damu haipiti tena, nyama inakufa kidogo kidogo. Kinaanza kwenye visigino, kwenye nyonga, chini ya mgongo, mahali mgeni haangalii. Dawa ya kwanza haiuzwi famasi: ni kumgeuza mgonjwa karibu kila saa mbili, mchana na usiku, kumkausha haraka akijikojolea, na kuweka mto chini ya miguu ili kisigino kisiguse kitanda. Mto unapatikana. Mikono ya kumgeuza njo inakosekana. Usiku mama mmoja anabaki na nyumba nzima, na umeme ukikatika anazunguka na tochi ya simu.

Chumba cha mwisho ni cha wamama. Mmoja alifukuzwa nyumbani baada ya kifo cha mjukuu wake. « Banasema niko mulozi, nilikula mutoto. » Alisema hivyo bila kulia, kama mtu aliyekwisha kusimulia mara mia. Tulichokiona baadaye kilitusumbua zaidi. Msichana wa jikoni akafika na sahani, akaiweka chini karibu na mlango, akaenda. Kwa wengine aliketi, akazungumza, akalisha. Mama yule hana meno, na bukari ikipoa inakuwa ngumu. Mwenzetu aliyesomea uuguzi alichukua uzi, akapima shavu la mguu wake. Kwa mzee, chini ya sentimita 31 ni alama kwamba mwili unaishiwa nguvu. Uzi ulionyesha pungufu.

Tukaomba daftari. Ile ya zawadi imetunzwa vizuri sana, kila mfuko na mstari wake, jina la aliyeleta na sahihi yake. Ile ya wazee ina jina na siku ya kuingia, basi. Uzito haumo. Vidonda havimo. Wala hatukuona nani alimeza dawa yake ya tansio jana na nani alikosa.

Tunajua, Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kwenye kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkataba juu ya haki za wazee mwaka 2016, kule Addis-Abeba. Lakini karatasi hizo hazijamlipa mama wa pili wa usiku.

Tulimweleza mkubwa wa nyumba mambo tuliyoyaona. Hakukasirika. « Watu wananiuliza kila mara tunakosa chakula gani. Hakuna aliyeniuliza nani analala hapa. »

Basi wewe msomaji mwenye mzazi katika nyumba kama hii, au mwenye kujiandaa kupeleka mchele, uliza hilo kwanza. Fika asubuhi mapema, mbele ya kufagia. Angalia kama kopo liko karibu na mkono, na kama haliko, uliza sababu. Omba kuona visigino. Zungumza na mzee mwenyewe wakati mkubwa hasimami pembeni. Na kama una franga za mifuko mitano, fikiri kama tatu haziwezi kumlipa mtu wa usiku.

Mbele ya kutoka tulisaidiana kumgeuza mzee wa Gécamines, tukaweka nguo iliyokunjwa chini ya miguu yake. Akaonyesha dirisha kwa kidole. Akakunywa kopo zima, mara moja. Ilikuwa asubuhi, watu wa kumwinua walikuwapo.