Je, Wajua? Maporomoko yaliyotiwa bombani

Maporomoko ya Rjukan, kusini mwa Norwei, yana kimo cha mita 104. Karne ya 19 wachoraji na watalii walifunga safari kwenda kuyatazama. Kisha, mwaka 1911, maji yake yakaelekezwa kwenye mabomba ya chuma hadi kituo cha Vemork, kikubwa kuliko vyote vya umeme duniani wakati huo. Umeme huo ulitumika, amini usiamini, kuunguza hewa: kwenye tanuri zenye cheche kali, naitrojeni iliungana na oksijeni, na mwishowe ikapatikana mbolea ya chumvichumvi. Kampuni iliyoifanya kazi hiyo, Norsk Hydro, ndiyo iliyozaa Yara, ambayo mbolea yake wakulima wa Tanzania wanaifahamu vyema. Maporomoko yenyewe? Siku nyingi ni mwamba mkavu. Maji hufunguliwa mara chache tu.