Jina la Anuarite

Wazazi wanaoleta mtoto wa kike kwenye ubatizo hutuuliza mara kwa mara: Je, Anuarite ni jina la Kikristo, ama ni jina la wazee wetu tu? Swali hili si dogo, kwani mtoto ataitwa kwa jina hilo hata siku ya kufa kwake.

Yafaa kwanza tujue kwamba Anuarite mwenyewe hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Wamba, upande wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu. Wazazi wake walimwita Nengapeta, maana yake, mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Alipoandikishwa shuleni, mwenye daftari alikosea, akamwandika kwa jina la dada. Na kosa hilo halikufutwa tena. Tusishangae. Wangapi katika nchi yetu wanaitwa kwa jina lililotoka katika kalamu ya karani, wala si katika kinywa cha baba yao!

Jina hilo la dada hufasiriwa kuwa ni mtu anayecheka vita. Kama majina mengi ya mababu, ni usemi mzima uliofungwa katika neno moja.

Mwaka 1943 alibatizwa, akaitwa Alphonsine. Tena tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri kule Bafwabaka katika shirika la masista wa Jamaa Takatifu, akapokea jina la Marie-Clémentine. Clémentine latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya mpole, mwenye rehema.

Vita vikaja kweli. Tarehe 29 Novemba 1964 askari wa Simba waliwachukua masista wa Bafwabaka, wakawapeleka hata Isiro. Ofisa mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba ofisa huyo alimpiga, naye katikati ya mapigo akamwambia kwamba amemsamehe. Akauawa, akiwa na miaka 24. Binti aliyepewa kwa makosa jina la kucheka vita, na kwa nadhiri jina la rehema, aliyatimiza yote mawili katika usiku mmoja.

Sasa turudi kwa swali la wazazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Wazazi wasipokubali, yeye aliongeza jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo. Ndiyo sababu bibi zetu wana majina mawili. Sheria ya mwaka 1983 ni nyepesi zaidi: yadai tu kwamba mtoto asipewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Katikati ya sheria hizo mbili, mwaka 1972, serikali ya Zaire iliamuru raia waache majina ya kigeni na kushika ya mababu, na Wakristo wengi waliona uchungu. Walidhani kwamba jina la mababu na jina la mtakatifu haliwezi kuwa moja.

Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri. Tangu siku hiyo binti wa Kongo aweza kuwa na somo mwenye jina la Kibudu.

Basi mzazi asione haya mbele ya katekista. Akitaka kuongeza Maria au Clementina, aongeze; halazimishwi. Akipenda jina alilolichagua baba, na amwite mtoto Nengapeta: somo ni yuleyule. Ndugu zetu wa Tanzania huandika Anwarite, nalo ni jina hilohilo. Sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba.