Stima Ikipotea, Salio Lako Linalindwa na Nini?

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Pale JKIA jenereta moja ilikataa kuwaka, abiria wakakaa gizani. Somo ni hili: kuwa na jenereta si hoja. Hoja ni nini kitatokea jenereta yenyewe ikigoma.

Swali hilo linakuhusu. Rekodi ya salio lako haikai kwenye laini ya simu wala kwa wakala. Inakaa kwenye seva, ndani ya kituo cha data. Vituo vingine vimejengwa tangu msingi kwa kazi hiyo, vingine ni orofa za ofisi au maghala yaliyogeuzwa, na vingine ni makontena yenye mitambo tayari ndani. Lakini kwa kutazama jengo tu huwezi kujua litahimili nini. Ndiyo maana shirika la Uptime Institute la Marekani huvipanga vituo kwa madaraja manne:

- Daraja la 1: kuna betri na jenereta, lakini njia ya stima ni moja. Fundi akitaka kurekebisha, lazima huduma izimwe.
- Daraja la 2: kuna vifaa vya akiba, ila njia bado ni moja.
- Daraja la 3: kifaa chochote kinaweza kuzimwa na kurekebishwa huku seva zikiendelea kufanya kazi.
- Daraja la 4: hata kitu kikiharibika ghafla, huduma haikatiki.

Kwa hesabu inayotajwa sana, daraja la 1 linaweza kuzimika jumla ya saa 28.8 kwa mwaka, la 2 saa 22, la 3 saa 1.6, na la 4 dakika 26 hivi.

Usisahau, daraja hupima jengo na mitambo yake tu. Mnara wa simu mtaani kwako ukizimika, au programu ikikwama, hata daraja la 4 halitakusaidia.

Kwa hivyo ukituma pesa na ujumbe wa kuthibitisha usifike, usikimbilie kutuma tena, utajikuta umelipa mara mbili. Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Kama bado huelewi, pigia huduma kwa wateja wewe mwenyewe. Na mtu akikupigia akidai "mtambo umekwama, nipe PIN nikurudishie", kata simu.