Magari moshi ya mezani yanavyoweza kuokoa kumbukumbu ya reli ya Changamwe

KWA zaidi ya karne moja, gari moshi lililotoka kisiwani Mombasa lilivuka Makupa, likaingia Changamwe, kisha likaanza kupanda taratibu kuelekea Miritini na Mazeras. Hiyo ndiyo reli ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwezi Mei, 1899.

Mnamo Mei 31, 2017, safari za abiria katika reli mpya ya kisasa, SGR, zilizinduliwa kutoka kituo cha Miritini. Tangu wakati huo reli kongwe imekuwa ikisahaulika. Kizazi kinachokua Changamwe hakijui mngurumo wa injini ya mvuke, na waliowahi kuziendesha sasa ni wazee.

Ipo njia moja ya kuhifadhi kumbukumbu hiyo ambayo wengi huidhania kuwa mchezo wa watoto. Nayo ni uraibu wa kukusanya, kukarabati na kuendesha magari moshi madogo ya mfano.

Uraibu huu ulipata msingi imara mwaka 1891, wakati kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipoonyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig treni za kuchezea zilizokuwa na reli za vipimo maalumu. Kabla ya hapo, mtu alinunua treni moja na hadithi ikaishia hapo. Vipimo vilipokuwa sawa, aliweza kuongeza behewa leo, reli kesho na kituo mwaka ujao. Nchini Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza treni zake mwaka 1920.

Siri ya uraibu huu ni kipimo. Kipimo kinachotumika sana duniani ni cha 1 kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli ya SGR ina upana wa milimita 1,435. Ukigawanya kwa 87 unapata milimita 16.5, ambao ndio upana wa reli ndogo zinazouzwa tayari katika maduka mengi ya ng'ambo.

Reli kongwe ya Changamwe ina upana wa mita moja. Hiyo ukiigawanya kwa 87 unapata takriban milimita 11.5, na watengenezaji hutumia reli ya milimita 12. Reli za namna hiyo hupatikana, kwani Uswisi nayo ina reli nyingi za mita moja na waraibu wengi wanaoziiga. Hata hivyo, injini na mabehewa ya Afrika Mashariki kwa kawaida humlazimu mraibu kuyaunda kwa mkono wake. Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa utafiti.

Mfano mzuri ni injini za daraja la 59, zilizokuwa fahari ya njia ya Mombasa hadi Nairobi. Zilikuwa 34, na ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katika miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32. Hakuna injini za mvuke za reli ya mita moja zilizozishinda kwa ukubwa popote duniani. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki na kupakwa rangi ya damu ya mzee.

Injini hizo zilikuwa za aina ya Garratt, iliyobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt, ambaye aliomba hataza yake mwaka 1907. Tangi la kuchemshia maji hukaa katikati, limebebwa na mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kila mtambo huweza kugeuka peke yake. Kwa hivyo injini ndefu hupita kwenye kona bila kung'oka relini, na uzito wake hugawanywa kwa magurudumu mengi. Ile ya daraja la 59 ilikuwa na magurudumu 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yaliyovuta.

Katika kipimo cha 1 kwa 87, jitu hilo huwa na urefu wa takriban sentimita 37. Anayeiunda sharti ajue mitambo hiyo miwili inageukia wapi, la sivyo injini yake itaanguka kwenye kona ya kwanza. Kwa maneno mengine, hawezi kuiga umbo la injini bila kuelewa ilivyofanya kazi.

Mandhari nayo yana mafunzo yake. Karibu na Mazeras, reli kongwe hujizungusha na kupita juu yake yenyewe ili kupata kimo. Waraibu hutumia mbinu hiyo hiyo mezani. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 60 lina mzingo wa karibu mita 3.8. Reli ikipanda sentimita mbili kwa kila mita, itakuwa imeinuka zaidi ya sentimita saba inapokamilisha duara, nafasi inayotosha treni nyingine kupita chini yake.

Kuhusu uendeshaji, treni nyingi za mfano hutumia umeme wa volti 12 unaopitia kwenye reli zenyewe. Magurudumu huuchukua na kuupeleka kwenye mota. Ukigeuza mwelekeo wa umeme, treni hurudi nyuma. Ni lazima kutumia kifaa cha kupunguza nguvu za umeme. Kuunganisha reli hizo moja kwa moja na umeme wa nyumbani wa volti 240 ni kuhatarisha maisha.

Kwa mkazi wa Changamwe, Likoni au Kisauni, adui mkubwa ni hewa ya bahari. Unyevu na chumvi hufanya reli na magurudumu kupata utando usiopitisha umeme vizuri, na treni huanza kusitasita. Tiba ya kwanza ni kufuta reli na magurudumu kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo. Ya pili ni kuondoa nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye ekseli. Ya tatu ni kukagua brashi za kaboni za mota na kuzibadilisha zikiwa zimelika. Oili itiwe tone moja tu, kwani ikizidi hunasa vumbi na kuchafua reli. Treni isiyotumika ihifadhiwe ndani ya sanduku lililofungwa vyema.

Anayenunua vitu vya zamani naye awe macho. Baadhi ya treni zilizotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili zina sehemu za zinki iliyochanganyika na risasi. Zinki hiyo huvimba, hupasuka na hatimaye kumeguka yenyewe. Ufa ukishaonekana, hakuna dawa ila kutafuta sehemu mpya.

Lakini swali zito zaidi si la spiriti wala zinki. Ni la kumbukumbu. Injini ya mwisho ya daraja la 59 iliondolewa kazini mwaka 1980. Kati ya zote 34, ni mbili tu zilizosalimika: Mount Gelai, nambari 5918, na Mount Shengena, nambari 5930. Zote zilipata hifadhi katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Nyingine 32 hazipo tena.

Ikiwa mashine za tani 252 ziliweza kutoweka, sembuse mambo madogo? Mpangilio wa reli za kando pale Changamwe, mabehewa ya mafuta yaliyohudumia kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963, umbo la ishara za njiani na maandishi ubavuni mwa mabehewa ni mambo ambayo huenda hayamo katika vitabu. Yamo katika picha za familia, michoro iliyosahaulika na vichwa vya wastaafu.

Mtengenezaji wa treni za mfano hawezi kuepuka maswali hayo, kwa sababu meza yake haikubali jibu la kukisia. Atalazimika kupima jukwaa la kituo, kupiga picha behewa linalooza, na kumwendea mzee aliyefanya kazi relini amuulize lever ile ilikuwa upande gani. Vijana wa shule na vyuo vya ufundi vya Mombasa wanaweza kuanza kazi hiyo kwa utepe wa kupimia, daftari na kadibodi, hata kabla ya kununua mota.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Reli ya Changamwe ilikuwa mali ya umma, na wanaoweza kuisimulia bado wapo. Daftari lake lafaa lifunguliwe sasa.