Programu ya bure ya kupigia FLAC: uchague kwa vigezo gani?

Swali hili linajirudia sana: nina muziki wangu wa FLAC kwenye kompyuta, nitumie programu gani ya bure ili nipate sauti nzuri zaidi? Majibu huwa mengi, na kila mtu anaapia yake kwamba ndiyo "inayotoa besi". Jibu la kisayansi ni fupi: programu yoyote inayofungua FLAC ipasavyo inatoa namba zile zile. Tofauti za kweli zipo, ila ziko kwingine, na hizo ndizo za kukuongoza.

Ndani ya FLAC kuna nini?

CD hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, karibu megabaiti 10.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne unakula megabaiti 42 hivi.

MP3 inapunguza mzigo huo kwa kutupa sehemu za sauti ambazo inakadiria sikio halitazigundua. Hata ile ya kilobiti 320 kwa sekunde, kiwango chake cha juu, inashusha wimbo wetu hadi megabaiti 9.6. Kilichotupwa ndiyo basi tena.

FLAC haitupi kitu, inabashiri. Chukua vipimo vitatu vinavyofuatana: 1000, 1010, 1020. Hata wewe ungesema kinachofuata ni 1030. Kikija 1032, FLAC inaandika ile tofauti tu, yaani 2, namba ndogo inayotosha kwenye biti chache. Wakati wa kupiga, programu inarudia ubashiri ule ule, inaongeza 2, na 1032 inarudi kama ilivyokuwa. Mara nyingi faili hubaki na asilimia 50 hadi 70 ya ukubwa wa awali, kutegemea muziki wenyewe.

Mbona basi zinasikika tofauti?

Kwa sababu namba zikishatoka kwenye faili, bado zina safari. Programu moja inaweza kuwa na ikwalaiza iliyowashwa bila wewe kujua. Nyingine inapiga kwa sauti ya juu kidogo, na masikio yetu yana tabia ya kuona kilicho juu kidogo ndicho kizuri. Ukitaka kulinganisha kwa haki, sawazisha kwanza kiwango cha sauti, halafu mwombe mwenzako abadilishe programu bila kukuambia ipi ni ipi.

Kuna pia mfumo wa kompyuta wenyewe. Windows kwa kawaida huchanganya sauti zote, za muziki, kivinjari na arifa, kabla ya kuzipeleka kwenye spika. Kama kifaa kimewekwa kwenye 48,000 na wimbo wako ni wa 44,100, vipimo vinakokotolewa upya njiani. Badiliko hilo ni dogo na wengi hawatalisikia. Anayetaka namba zifike bila kuguswa atafute programu yenye uwezo wa kutumia kifaa cha sauti peke yake, kupitia njia iitwayo WASAPI.

Vigezo vyenye maana

Cha kwanza, je, nyimbo zinaungana bila mwanya? Rekodi ya onyesho la jukwaani iliyokatwa vipande inahitaji kipande kimoja kiingie kwenye kingine bila kimya katikati. VLC toleo la 3 inayumba hapa, ingawa inafungua karibu kila faili.

Cha pili, inasoma lebo za faili, yaani jina la msanii, albamu na mwaka? Ukiwa na nyimbo 3,000, utafutaji ni muhimu kuliko rangi za dirisha.

Cha tatu, inaelewa ReplayGain? Hii ni namba iliyoandikwa kwenye lebo, inayosawazisha ukubwa wa sauti kati ya wimbo na wimbo bila kugusa muziki wenyewe.

Cha nne, ni ya bure tu, au ni huria pia? Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuwa na maneno mawili. foobar2000 ya Peter Pawlowski, iliyotoka 2002, ni ya bure lakini msimbo wake haujafunguliwa. Hata hivyo kwa Windows ni chaguo zuri sana: nyepesi, na inatimiza vigezo vitatu vya mwanzo. Kwenye Linux, Strawberry inafaa kwa maktaba kubwa, na Audacious kwa kompyuta yenye RAM kidogo. Zote ni huria. VLC, iliyoanza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, nayo ni huria. Kwenye Mac, programu ya Music haipokei FLAC, lakini VLC inaipiga. Au badilisha kwenda ALAC ya Apple, ambayo nayo haipotezi kitu.

Kagua faili kwanza

Hapa ndipo watu wanapoteza bando na nafasi ya diski. Mtu anaweza kugeuza MP3 kuwa FLAC, ukapakua faili kubwa lenye sauti ile ile iliyopunguzwa. Unga ukiumwaga kwenye gunia la mahindi, haugeuki punje. Fungua faili kwenye Spek, programu huria inayochora masafa ya sauti: mchoro uliokatika ghafla kwenye kilohezi 16 ni dalili ya kutilia shaka, ingawa rekodi za zamani nazo zinaweza kukosa masafa ya juu.

Kwa rekodi usizoweza kuzipata tena, tuseme kaseti za kwaya au harusi ulizozihamishia kwenye kompyuta, FLAC ina faida nyingine. Ndani yake kuna alama ya MD5 iliyokokotolewa kutoka kwenye sauti ya awali. Amri ya *flac -t* ikifuatiwa na jina la faili hufungua faili lote na kulinganisha. Hata biti moja ya sauti ikiharibika utaambiwa. Ifanye kila unapohamisha nakala kwenda diski mpya, kabla hujafuta ya zamani.